Mpira Ulioanguka Kati ya Wakwe

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, watu wa mji wa Ndolela walipenda besiboli kuliko usingizi. Msioujua mchezo huo, tegeni masikio: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, unapaa, na walinzi wa nyuma wanaukimbilia waudake kabla haujagusa chini. Basi. Hata bibi yangu alielewa.

Mgongolwa alikuwa mlinzi wa nyuma, upande wa kushoto. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumlelea binti yake, Sekela. Alidaka mpaka mvi zikamwota chini ya kofia. Alichokosa ni kimoja tu, kombe. Msimu ule akasema, "Huu ndio wa mwisho."

Msimu uleule Sekela akaolewa na Chesko, mlinzi wa kulia wa timu hiyohiyo. Kijana ana mbio, ana sauti. Vigelegele vikapigwa, tukala, tukacheza. Nani aliwaza?

Siku ya fainali mlinzi wa katikati akaumia mguu. Kocha Ngimba akamleta Chesko katikati, bega kwa bega na baba mkwe. Mgongolwa akamwendea. "Kocha, yule ni mkwe wangu. Usituweke jirani."

"Uwanjani hakuna mkwe, mzee. Kuna namba."

Haya, sikilizeni vizuri, maana hapa hata mimi huchanganyikiwa. Sheria ya mchezo inasema mpira ukienda kati ya wawili, wa katikati apige kelele, "Wangu!" Mwenzake asubiri kelele hiyo, la sivyo watavunjana mataya. Na sheria ya Ndolela inasema mkwe hampigii kelele mkwewe, wala hamgusi, wala hakatizi mbele yake.

Na asubuhi ile Sekela alikuwa amemwambia mumewe, "Baba leo anaaga. Tafadhali, usimfokee mbele za watu. Uso wangu nitauficha wapi?"

"Nimekusikia, mke wangu."

Ndolela wanaongoza. Wakidaka mmoja tu, kombe lao. Gongo likalia, mpira ukapaa juu, juu, ukaja kati ya wakwe wawili. Chesko akakimbia, akafungua mdomo, akamwona mzee, akaufumba na macho akayainamisha. Mgongolwa akasimama chini ya mpira, glovu wazi, masikio wazi, akisubiri kelele. Akasikia hatua tu. Akapisha.

Pu! Nyasini. Wageni wakakimbia vituo vyote mpaka kile cha mwisho, wakapata pointi za ushindi, na kombe likaenda nao.

Viongozi wa timu wakafoka, "Aliyetupotezea kombe avue jezi, asirudi tena!"

Chesko akasema, "Nivueni mimi. Mdomo nilikuwa nao."

Mgongolwa akasema, "Mwacheni mtoto, ndiyo kwanza anaanza. Mpira ulikuwa juu ya kichwa changu."

"Lakini mzee, kama angepiga kelele, ungefanyaje?" kiongozi mmoja akauliza.

Mgongolwa akakuna kidevu. "Ningempisha. Halafu nyumbani ningesema binti yangu kaolewa na mtu asiye na adabu."

Loo! Mnaona? Wewe unayecheka hapo nyuma, ngoja zamu yako.

Sekela akaja analia. "Mimi ndiye niliyemfumba mdomo!" Naye kocha akanung'unika, "Mimi nilipanga walinzi. Sikupanga ndoa."

Wanaume wawili wakavua jezi, wamepeana migongo, maana mkwe hatazami kifua cha mkwewe. Zikabaki mbili nyasini. Moja ya mtu aliyetaka kuaga kwa heshima, nyingine ya mtu asiye na kazi nyingine duniani. Sekela akaziokota zote, akazikumbatia.

Kiongozi akanyoosha mkono. "Mama, tupe moja, ya yule asiyerudi tena. Nyingine rudi nayo nyumbani."

Sekela akaitazama ya baba, akaitazama ya mume. Wallahi nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa kichwa kinaniuma. Haya, ninyi wajuaji: mkono ule bado umenyooshwa. Je, atoe ya nani?