Siku Lukindo Alipoitwa

Nipeni masikio!

— Chukua!

Nikishayachukua, niyarudishe?

— Yarudishe yamejaa!

Basi tulieni. Mwenye kukohoa na akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma kuokota nilichoangusha.

Hapo zamani, kabla ya zamani ya babu zenu, palikuwa na nchi iitwayo Vumbwe. Si Vumba, wala si Vumbi. Vumbwe. Tuitaje kama ilivyotajwa.

Katika nchi ya Vumbwe ardhi haikulimwa kabla watu hawajaitwa. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikishalowesha udongo, watu wote walikusanyika asubuhi mbele ya mwamba mmoja mpana. Juu ya mwamba alisimama mwita majina, na konzi ya mtama mkononi. Aliita jina, kisha akauachia mtama udondoke taratibu kati ya vidole. Mwenye jina akiitikia kabla konzi haijaisha, mahali pake papo mwaka ule: shamba lake, kiti chake, neno lake barazani. Konzi ikiisha kimya, basi. Jina limekosa mwenyewe, na mtu amekosa mahali.

Mtoto naye hakuhesabiwa kuwa mtu wa Vumbwe mpaka aitwe siku ile na asikike. Kulia ni kuitikia. Kucheka ni kuitikia. Hata kupiga chafya. Lakini asikike yeye, kwa kinywa chake. Mama hakuruhusiwa kumwitikia.

Mtu mmoja tu hakuitikia kwa kinywa chake. Nani?

— Jumbe!

Ndiye. Jumbe wa Vumbwe hakupaza sauti mbele ya watu. Alipoitwa, ngoma kubwa ya barazani iliitikia kwa niaba yake. Di! Di! Di! Shikeni hilo la ngoma. Liwekeni karibu.

Mwita majina wa siku hizo alikuwa Bibi Semeni, mjane, mwembamba, mtu wa kulishika neno kama lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nyumbani kwake waliishi wawili tu, yeye na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miezi minane. Mama wa mtoto, binti yake Mwajabu, alifariki asubuhi ile ile aliyojifungua. Kabla ya kukata roho aliinua kichwa, akatazama mlangoni, akaita mara moja, "Lukindo!" Kisha akalala, asiamke tena.

Sasa sikilizeni. Mkunga aliyemzalisha aliitwa Lukindo. Mlima ulioonekana kutoka mlangoni uliitwa Lukindo. Kijito kilichosikika nyuma ya nyumba kiliitwa Lukindo. Mwajabu alikuwa akimwita nani? Mkunga aliitikia, "Abee, mwanangu," lakini macho ya Mwajabu hayakuwa kwake.

Bibi Semeni hakujua. Alilichukua neno lile la mwisho akampa mtoto, awe Lukindo. Lilikuwa ndilo pekee ambalo mama alimwachia.

Mtoto alikuwa kimya mno. Alilia siku aliyozaliwa, halafu basi. Hata njaa aliitazama tu, mpaka bibi yake alipoleta maziwa ya mbuzi. Siku za mwito zilipokaribia, Bibi Semeni alianza kumtekenya nyayo, kumwimbia, kumpigia vijiti masikioni. Mtoto alimtazama.

"Nisaidie, mama," Bibi Semeni alimwambia. "Siku hiyo nitakuita. Sema lolote. Hata tusi."

Mtoto alimtazama.

Mwaka huo huo Vumbwe ilikuwa na jumbe mpya, kijana mwenye ndevu changa, na jina lake lilikuwa…

— Lukindo!

Mnasikiliza vizuri. Jumbe Lukindo.

Siku moja Jumbe alitoka kutembea aione nchi yake. Akapita karibu na machungio, akasikia mtu akifoka, "Lukindo! Toka kwenye tope, mjinga we! Mkubwa hivyo na akili huna!" Jumbe akaruka. Kumbe ni mchungaji Mwinjuma akimfokea fahali wake. Akapita kijitoni, akasikia wanawake wakisema, "Leo Lukindo amechafuka, hafai hata kuogea." Akaenda mbele, akamkuta mzee akimtuma mkewe kwa mkunga, "Kamwambie Lukindo aache umbea, aje upesi." Mara tatu, siku moja! Jumbe alirudi nyumbani masikio yakiwaka moto.

Akamwita Bibi Semeni.

"Bibi, wewe ndiwe unayeyajua majina ya nchi hii."

"Nayajua yanayoitwa, Jumbe."

"Jina langu limeibwa. Wa kwanza alikuwa mmoja tu, wengine ni wezi. Nenda ukaulize kila mmoja amelitoa wapi. Niletee wa kwanza."

Bibi Semeni alimfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Alianza kwa mkunga. "Jina lako ulilitoa wapi?"

Mkunga alikuwa akipepeta mchele. "Ng'ambo ya mto, kwao baba. Huko mtoto akizaliwa miguu mbele ndilo jina lake. Mimi niliingia duniani kama mtu anayeshuka mnazi. Unataka kulichukua? Ukilichukua, nani atakuja kukuokotea mwanao akitoka miguu mbele?"

Akaenda kwa Mwinjuma. Mwinjuma alikuna kichwa. "Huyu nilimwokota porini, ndama, peke yake. Nikamwita majina saba, hakugeuka. La nane likanitoka tu mdomoni, sikupata kulisikia popote. Akageuka, akanifuata. Sasa kosa langu liko wapi, bibi?"

Akapanda mlimani, kwa wafinyanzi waliokaa kileleni. Wakamwambia, "Sisi tulipokuja tuliwakuta watu hapa wanauita hivyo. Tuliwauliza. Nao walisema waliwakuta watu wanauita hivyo, na wale nao waliuliza."

"Na wa mwanzo kabisa?"

"Bibi, hatukufika huko. Kila tunapouliza, mlima umeshatangulia."

Akashuka kwa fundi kipofu aliyechonga ngoma ya barazani, maana nayo iliitwa Lukindo. Fundi alipapasa magoti yake akasema, "Ngoma sikuipa jina. Nilipomaliza kuivika ngozi niliigonga kwa kidole, mara moja, nione kama imekaza. Ikalitaja yenyewe. Nikaingiwa na baridi. Tangu hapo sikuigonga tena. Wengine ndio wanaipiga."

Mwisho akaenda kwa nyanya yake Jumbe. Yeye alisema, "Nilikuwa na rafiki utotoni, alichukuliwa na maji. Nikampa mjukuu jina lake. Rafiki huyo alitoka nchi ya mbali sana. Vumbwe hawakumjua, wala yeye hakuijua."

Bibi Semeni alikaa chini njiani. Alikuwa ameita majina miaka thelathini, na hakuwahi kufikiri yametoka wapi. Sasa alifikiri. Hawa hawakuzaliana. Hawakujuana. Hakuna aliyempa mwenzake. Mmoja alitoka ng'ambo ya mto, mmoja porini, mmoja kwenye ngozi na mti, mmoja kwenye maji yaliyozamisha mtu. Na mlima umekaa juu yao wote, ukiwa na jina kabla hakujawa na wa kuutaja. Alijiona kama mtu aliyeteka maji kisima kimoja maisha yake yote, halafu siku moja akachungulia ndani asione mwisho.

Alirudi kwa Jumbe.

"Umemleta wa kwanza?"

"Hakuna wa kwanza wala mwizi, Jumbe. Kila mmoja alilipata peke yake."

"Haiwezekani."

"Hata mimi naogopa. Lakini ndivyo."

Jumbe hakuogopa. Jumbe alikasirika. "Basi nitalimaliza mwenyewe. Siku ya mwito utaita Lukindo mara moja tu. Huyo ni mimi. Wengine wote wenye jina hilo wanyamazishwe."

"Na mkunga, Jumbe?"

"Anyamaze."

"Na fahali?"

"Afungwe mdomo kwa kamba."

"Na ngoma ya barazani? Nayo ni Lukindo."

"Ivuliwe ngozi! Nimesema wote, bibi! Wewe umri umekuziba masikio?"

Bibi Semeni alimtazama. Akafungua kinywa. Akakifunga. Mmeona? Hasira ilikuwa imemkalia Jumbe mbele ya macho, asione.

"Na mjukuu wangu?" aliuliza, polepole.

"Yule mpe jina jingine. Yapo mengi. Akiitikia hilo langu, wewe na yeye mtahama Vumbwe siku hiyo hiyo."

"Mama yake alimwachia hilo moja, Jumbe."

"Nimemaliza."

"Nimesikia," alisema Bibi Semeni. "Nitaita mara moja. Mwenye jina ataitikia."

Akaenda zake. Nyumbani alijaribu. Alimwita mtoto Zuhura. Alimwita Mwanashamba. Kila jina liliteleza usoni pa mtoto kama maji kwenye jani la yungiyungi. Bibi akaacha. Akamfunika, akalia.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi ikafika.

Watu walijaa mbele ya mwamba. Mkunga alikuja na kiganja juu ya mdomo. Fahali aliletwa amefungwa kamba puani na mdomoni. Ngoma ilikuwa pale pale karibu na kigoda cha Jumbe, tupu, upepo unapita ndani. Bibi Semeni alipanda na mtoto mgongoni.

"Mwinjuma!"

"Naam!"

"Mwanashamba!"

"Abee!"

Akaita, akaita, mpaka nchi nzima ikaisha. Likabaki moja. Akachota konzi ya mtama.

"Lukindo!"

Mtama ukaanza kudondoka.

Kimya.

Jumbe alikaa ameinua kidevu, akingoja. Akangoja. Kisha akageuza macho kuitazama ngoma. Ngoma ikamtazama kwa tundu. Loo! Hapo ndipo alipokumbuka. Wa kumwitikia alikuwa ameshavuliwa ngozi kwa amri yake mwenyewe. Mpigaji alisimama na fimbo mbili mikononi, hajui azipige wapi. Na Jumbe hapazi sauti mbele ya watu.

Mtama unadondoka. Punje kwa punje. Watu wanaona. Hakuna anayethubutu. Kigoda cha Vumbwe kinakaribia kubaki bila mtu, na kila mmoja anajua, na kila mmoja amekatazwa kusema.

Ndipo mgongoni mwa Bibi Semeni kitu kikajinyoosha. Mtoto alitoa kichwa nje ya mbeleko. Akautazama umati, akautazama mlima. Akafungua kinywa.

"Eeeeeh!"

Haikuwa kilio, haikuwa kicheko. Ilikuwa ni sauti ya mtu aliyeitwa.

Bibi Semeni alifunga ngumi. Akapaza sauti. "Nimeita mara moja, kama nilivyoamriwa. Ameitikia mmoja. Jina ni lake."

Umati ukavuta pumzi. Jumbe alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka. Angeweza kuamuru wafukuzwe, kama alivyosema. Lakini aamuru kwa jina gani? Hakuitikiwa. Wakati ule hakuwa mtu wa Vumbwe.

Alishuka kwenye kigoda. Akapanda mwambani kwa miguu yake, akapiga magoti mbele ya Bibi Semeni, akainua uso kwa yule mtoto.

"Somo," alimwambia, kwa sauti ndogo. "Somo yangu wa jina moja. Nisogezee kidogo, nami niitikie."

Mtoto alimwangalia sana. Kisha akanyoosha mkono, akamkamata ndevu, akazivuta.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi Semeni alicheka huku machozi yakimtoka. Akafungua ngumi. Ndani zilibaki punje tatu.

"Somo yako amekukubalia," alisema. "Konzi haijaisha. Wafungueni wote."

Akainua punje tatu juu, akaita kwa nguvu zake zote, "Lukindo!"

"Naam!" Jumbe aliitikia kwa kinywa chake, na sauti ikamkatika kama ya mvulana.

"Abee!" Mkunga.

Fahali aliyefunguliwa kamba akanguruma hadi kokoto zikatikisika. Upepo ukapita ndani ya ngoma tupu, nayo ikavuma, pasipo mkono, pasipo fimbo. Kijito kikasikika, ingawa kilikuwa mbali. Kisha, wote waliponyamaza, mlima ukaitikia.

Mlima ule haukujulikana kurudisha sauti. Wafinyanzi walikuwa wameupigia kelele vizazi na vizazi, haukujibu. Siku ile uliitikia. Ulianza chini, ukapanda, ukawapita watu vichwani, ukaenda zake nyuma ya upeo. Hakuna aliyekimbia. Wanaume walivua kofia bila kujua kwa nini.

Bibi Semeni alisimama na mkono wake mtupu. Alimkumbuka Mwajabu, ameinua kichwa, anatazama mlangoni. Miezi minane alikuwa akijiuliza mwanawe alimwita nani. Sasa hakuuliza tena. Mwajabu aliita mara moja, na waliochelewa ndio hawa, wamefika wote.

"Umeitikiwa, mwanangu," alisema.

Ngoma ilivikwa ngozi mpya, lakini Jumbe tangu siku ile aliitikia mwenyewe. Na Vumbwe ikalima.

Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa ndipo ninapoiacha. Masikio yenu hayo, nayarudisha. Yamejaa?

— Yamejaa!

Basi kabla hatujaondoka, nitaita mara moja tu. Kama yupo kati yenu, au nyuma yenu, au juu yenu, na aitikie.

Lukindo!