Kikombe cha Kambere

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hassan, muuza vitenge wa Beni, mashariki mwa Kongo, aliijua methali hiyo kwa ulimi kabla ya kuijua kwa kifua.

Miaka ile ya vita, pamoja na taabu zake, ilikuwa na kahawa ya Kambere. Kila alasiri jirani huyo aliipika nzito, akamimina vikombe viwili, kisha akaonja cha mgeni kabla ya kumpa, kama ilivyo desturi kule watu waogopako sumu. Hadi leo Hassan anazililia alasiri zile.

Kisha kifua kikaanza kumwaka. Kila jioni maji machungu yalimpanda kooni. Alilamba majivu, akatafuna vidonge vyeupe vya kiungulia vilivyoletwa kutoka mpakani Kasindi, lakini nafuu haikumaliza saa moja. Akakata shauri kwamba ametiliwa sumu, na nani kama si yule ampaye kikombe, aonje asionje? Miezi minane hakumsalimu Kambere. Kahawa aliiacha, moto haukumwacha.

Mkewe, Yasmine, akamburuta hadi zahanati. Muuguzi Jokébed hakuuliza habari za maadui. Aliuliza anakula saa ngapi.

"Kisha magaribi ninashiba, njo ninalala palepale chini," Hassan akajibu, akieleza hofu ya risasi za usiku. "Masasi inapitaka ku dirisha."

"Na mu mufuko ya shati kuko nini?"

Zilikuwa aspirini za maumivu ya mgongo, alizozimeza kama njugu.

"Papa Hassan, hapana sumu. Ni asidi ya tumbo njo inapandaka, na hiyo aspirini inaichochea."

Akampa vidonge vya kumeza asubuhi kabla ya kula, kwa wiki nane. Aspirini aache, ale kidogo na mapema, kichwa kiinuke alalapo. Asipopona, aende Butembo kwa daktari akapimwe. Wachache tu, akasema, huhitaji kupasuliwa. Yasmine akainua ubao wa kulalia upande wa kichwa kwa matofali mawili, mbali na dirisha.

Wiki ya sita moto ulizimika, na aibu ikashika nafasi yake. Hassan akabisha hodi kwa Kambere. Mwenzake alikwisha kusikia habari kwa Yasmine. Badala ya kahawa alimimina uji, akainua kikombe aonje kwanza. Hassan akamshika mkono.

"Hapana onja, ndugu yangu. Nilikukosea."

Akaunywa uji wote huku machozi yakimtoka. Miezi minane alimtafuta adui ng'ambo ya ua, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.