Ua Lililong'olewa Mwambani

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja msomi wa mimea. Miaka nenda miaka rudi alipanda milima akitafuta mmea usiojulikana bado. Desturi ya wasomi hao ni kwamba anayeutambulisha mmea mpya, jina lake huandikwa ubavuni mwa jina la mmea milele. Wenzake walikwisha kupata mimea yao. Yeye hakuwa na hata jani, na jambo hilo lilimla moyo.

Siku moja, kwenye mwamba wenye unyevu kando ya maporomoko, akaliona ua la zambarau lenye madoa meupe. Akapiga magoti, akalichungulia kwa kioo cha kukuzia. Halikufanana na lolote alilowahi kusoma. Msomi mwenzake aliyefuatana naye akauzunguka mwamba mzima akitafuta jingine, asilipate.

"Dada, mmea upo mmoja tu," akamwambia. "Tuupige picha, turudi ukishatoa mbegu."

"Na akitutangulia mwingine?"

"Akitutangulia, mmea si utakuwapo?"

Katika kazi yao picha haitoshi, mmea hautambuliwi mpaka uletwe wenyewe umekaushwa. Wangeweza kungoja. Mama akatoa kisu, akaung'oa na mizizi yake, akaulaza kati ya magazeti na kuukandamiza kwa mbao.

Wakubwa wa fani wakaulinganisha na mimea mingine, jamii kwa jamii, wakakubali kwamba ni mpya kabisa. Mama akapigiwa makofi. Kisha wakamwuliza swali la kawaida, kwamba huko imebaki mingapi. Akarudi mwambani. Masika yakapita, vuli ikapita, anatambaa hadi magoti yakachubuka. Mwishowe, katika taarifa ileile iliyoutangaza mmea, akaandika kwa mkono wake kwamba umetoweka. Na jina lake limo ubavuni.

Mnamkasirikia? Ngojeni kidogo.

Mnamkumbuka yule fundi baiskeli aliyeacha pombe? Alikuja hapa, akaketi kiti cha nyuma, akalia kimya kimya. Alihitaji nini? Alihitaji muda, na watu wa kukaa naye jioni, kiu inapomrudia. Sisi tukampandisha hapa mbele Jumapili iliyofuata, tukamshikisha kipaza sauti ashuhudie. Tukamzungusha kwenye mikutano, picha yake ikiwa kwenye mabango pamoja na jina la kanisa letu. Kwa nini? Ili isemwe ameokokea kwetu. Aliporudi kilabuni, ni nani kati yetu aliyemfuata? Tuliona aibu, tukabandua mabango.

Jumanne tumemzika. Na pale kaburini, wapendwa, hatukuona haya: tulisimama tukatangaza kwamba marehemu alikuwa muumini wetu.