Fisi Alivyoandikiwa Ugonjwa Wake

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa Panya, karani wa mafaili zahanati ya msituni."
"Na kalamu yake!"
"Na kalamu yake. Sogeeni."

Jambo la mwisho la kawaida ambalo Panya aliambiwa na mkewe ni hili: "Baba Chuchu, funika mtungi." Akafunika. Kisha akaenda kazini na faili la mkewe, ambaye uso ulimwiva kwa jua, vidole vimevimba, miguu imejaa maji. Daktari Kobe, anayechoka upesi kuandika, alikuwa ameandika: "Maumivu. Sababu haijulikani."

Mwenye stoo ya dawa alikuwa Fisi. Kila dozi ilitoka na bakuli la supu ya kongoro, na faili likikataliwa, supu ilikuwa yake.

"Ugonjwa gani? Haujatajwa! Sehemu gani ya mwili? Haijatajwa! Limekosa!" Puu! faili nje. Fyooo! supu kooni.

Mara tatu faili lilirudi. Mara ya nne hapakuwa na mgonjwa.

Arobaini ilipopita, akaja Digidigi, uso umeiva vilevile. Panya alimbana Kobe mpaka akaandika yote: lupasi, ugonjwa wa nyuzi zinazoshikilia mwili, figo zimeguswa. Panya akaweka msimbo wa ugonjwa huo, namba kwa namba.

Fisi akatazama. "Mwandiko mdogo mno. Limekosa!" Puu! Fyooo!

Panya akafuta kalamu. "Mzee, unahangaika na bakuli. Mwenye msimbo huu akilazwa, hupewa ndoo nzima."

"Ndoo? Niandikie mimi!"

"Siandiki lisilosemwa. Uso unawaka juani?"
"Unawaka!"
"Vidole vinavimba asubuhi?"
"Vinavimba!"
"Na figo?"
"Figo zote tatu!"

Panya akaandika: "Mwenyewe anasema." Fisi akapiga dole gumba kwenye faili, gidi! Kobe, kwa kuchoka kwake, akatia sahihi bila kusoma.

Ndipo Panya akasoma masharti. "Mwenye msimbo huu akabidhi funguo. Alale wodini miezi mitatu. Apewe ndoo nzima ya uji usio na chumvi."

"We Panya! Mimi mzima!"

"Mzima wa nini? Hujataja! Sehemu gani ya mwili? Hujataja! Limekosa!" Puu!

Asubuhi iliyofuata Panya alifungua stoo, akampa Digidigi dawa yake na bakuli lake la supu, likiwa limejaa. Kisha akatoa faili la mkewe. Akakata "Maumivu. Sababu haijulikani." Akaandika: "Lupasi. Figo zimeguswa." Akaweka msimbo, namba kwa namba, akalirudisha mahali pake. Akaenda kufunika mtungi wa zahanati.

Hadithi yangu nimeirudisha kwenye rafu; anayeitaka aje na faili lake. Na funzo, wapendwa: andikeni "maumivu" tu, yatosha. Mkizidisha usahihi, mtamlaza Fisi wa watu bila chumvi.