Mama Mwenzangu

Kaa chini. Na wewe wa mlangoni, ingia, unatuzibia mwanga. Nikinyamaza semeni "twende", maana nyie mnasinzia macho yakiwa wazi, nawajua.

Zamani, ile zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta tayari ni stori, kulikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Humo aliishi Nyamizi. Mume hana, kafa. Mtoto hana, hakujaliwa. Kwao mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto: Mama Kabula, Mama Shija. Yeye? Nyamizi tu. Wanawake wakitandika mkeka watwange pamoja, waimbe, wacheke, akipita wanasema, "Tasa huyo, asikalie mkeka wetu." Anapita. Kesho anapita. Keshokutwa anapita.

Semeni twende! Haya.

Asubuhi moja kaenda mtoni, akasikia majani yanalia. Majani hayalii, wanangu. Kusogea, ni mfuko wa ngozi ya mbuzi, mdomo umefungwa kamba, unatikisika. Kaufungua. Kapaka kadogo! Mbavu unazihesabu, jicho moja limevimba.

Mfuko aliujua, wa Mzee Kapela, mkubwa wa kijiji. Kwa Kapela paka akizaa, watoto wanatiwa mfukoni, wanatupwa. Ndo desturi, na hakuna aliyeuliza.

"Na wewe hawakutaki?" Nyamizi akamwambia. "Twende basi, mwenzangu." Akamfunga kifuani kwa kaniki. Mfuko akaurudisha kwa mwenyewe, akauacha mlangoni. Alikuwa mtu wa haki, hilo ndo tatizo lake.

Paka jina likawa Mwenzangu. Na raha aliyoleta, acheni tu. Mtu aliyezoea kuongea na chungu, sasa anaongea na anajibiwa! Akiumwa mgongo, paka anaulalia, ngrrr, ngrrr, maumivu yanahama. Akirudi shamba anaimba akiwa mbali:

*Mwenzangu, Mwenzangu,*
*moto umewaka, njoo tuote.*

Paka anakuja mbio, mkia juu. Kila siku. Hakuacha hata moja.

Ukaja mwaka wa panya. Panya mchana kweupe, panya kwenye chungu, panya kwenye nywele za mtu. Wakaingia kwenye vihenge, yale maghala ya fito, wakatafuna mtama mpaka ukabaki unga wa makapi. Kihenge kimoja tu hakikuguswa. Cha nani? Semeni! Cha Nyamizi.

Wakaja kwake kijiji kizima. Kapela mbele.

"Huyu paka kazaliwa kwangu," anasema. "Cha kwangu ni cha kijiji."

"Alizaliwa kwako, Mzee, ukamtupa."

"Nilimtupa, sikumgawa."

Watu wakacheka. Nyamizi hakucheka.

"Atalala siku moja kila nyumba," Kapela akasema, "halafu anarudi kwako. Tatizo liko wapi?"

"Mtamtisha. Leteni mtama wenu hapa kwangu, atalinda wote."

"Tulete mtama kwa tasa?" mmoja akaropoka nyuma huko.

Mama Kabula akamkanyaga mguu. Akamshika Nyamizi mkono, sauti ya asali: "Usimsikilize huyo. Mama Mwenzangu, tusaidie. Kesho tunatandika mkeka, uje ukae katikati yetu."

Mama Mwenzangu! Wanangu, tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mama. Moyo ukalegea kama ugali usioiva.

Kapela akataka kumkamata paka mwenyewe. Akatoka na mistari mitano mkononi, kama shamba la matuta. Wakajaribu wengine, wakachanwa. Kapela akaleta mfuko. Ule ule.

"Mtie wewe. Wewe anakuamini."

Nyamizi akautazama mfuko. Akamtazama Mama Kabula. Akaimba, taratibu: *moto umewaka, njoo tuote.*

Paka akaja, mkia juu. Akajisugua mguuni. Akanyanyuliwa. Ngrrr, ngrrr. Akawa bado ananguruma wakati mdomo wa mfuko unamfunika. Halafu akanyamaza.

Kamba alifunga yeye mwenyewe.

Walipofika kwa Kapela, mfuko kaubeba Nyamizi, wakafungua. Paka akatoka kama mshale, akapita miguuni mwa watu, huyo porini. Nyamizi akamkimbilia anaimba, sauti inakatika. Paka akasimama juu ya kichuguu, akageuka. Akamwona vizuri kabisa. Akauona na mfuko, maana Nyamizi bado kaushika mkononi.

Akashuka upande wa pili.

Kesho yake mkeka ulitandikwa kweli, si uongo. Nyamizi akaitwa. Akakaa katikati, kama alivyoahidiwa. Ila kinu kilikuwa kitupu, na kihenge chake nacho panya walishakifikia kabla ya jua kuchomoza. Wakakaa wanatazamana, njaa tupu.

"Sogea kidogo, Nyamizi," Mama Kabula akasema. "Unanibana."

Nyamizi. Nyamizi tu.

Mpaka anakufa, kila jioni aliwasha moto akaimba. Moto aliuota peke yake.

Basi shikeni hili: uliyemtoa mfukoni, asirudi mfukoni kwa mkono wako. Mimi mzigo nimeutua hapa, mwenye bega aubebe. Ila msinyanyuke kwanza. Mnamcheka Nyamizi, nawaona. Wewe wa mlangoni, ungekuwa hujaitwa mama maisha yako yote, na leo umeitwa, ile kamba ungeifunga au usingeifunga?