Mumbua na Mpunga wa Karamu

Paukwa! Mbona mnaitika kama mna njaa? Paukwa! Eee, sasa pakawa.

Hapo kale, kabla bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mji wa Waswahili, na bara yake walikaa Wakamba. Kijana wa mjini, Mbwana, akaenda bara kutafuta asali, akarudi na asali na mke. Mke jina lake Mumbua.

Mnacheka? Na watu wa mjini walicheka hivyo hivyo. Akienda kisimani, "Mumbwa, usibweke!" Akienda shambani, "Mumbwa, usituume!" Naye hucheka nao, kisha akifika chumbani hulia. Hebu nyamaza, Hamadi, bado sijafika penye kuchekesha.

Mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, akaona aibu. Akamwambia, "Mkaza mwana, Ijumaa nafanya karamu nikupe jina la watu. Hilo la kwenu liache huko huko bara."

"Nilipewa na baba yangu, mama."

"Nimeshasema."

Mumbua akanyamaza. Angefanya nini? Ugenini, hana hata mjomba wa kumsemea. Lakini jina lake alilipenda, na roho ikamuuma.

Alhamisi mpunga wa karamu ukaanikwa uani juu ya majamvi. Wanawake wote wako jikoni. Mumbua peke yake nje, mara akaona wingu linakuja mbio. Kwa hofu Kiswahili kikamtoka kichwani, kikabaki Kikamba. Akapiga kelele, "Mbua! Mbua!"

Lo, jamani! Huyu kashika mchi, yule kashika fagio, wote mbio langoni. "Yuko wapi? Kapita wapi?" Wanamtafuta mbwa! Mvua nayo hiyo, mpunga wote chapachapa.

Bi Mwanakombo akafoka, "Umeona? Ulimi wako umetutia hasara!"

Safari hii Mumbua hakunyamaza. "Mama, kwetu mbua ndiyo hii inayokulowesha. Nilizaliwa ilipokuwa ikinyesha, baada ya ukame, ndiyo maana nikaitwa Mumbua. Na mwanao mnamwita Mbwana. Mbona mimi sijamtafuta mkia?"

Bi Mwanakombo akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi topeni. Alipopata pumzi akasema, "Mumbua, mwanangu, shika jamvi upande huo, tuokoe tutakachoweza."

Ijumaa hapakuwa na karamu, wala jina jipya.

Basi wajukuu zangu, mtu akikutajia jina lake, muulize maana kabla hujacheka. Kisa changu nakitua hapa. Kikiwa kitamu gawaneni, kikiwa kichungu nirudishieni nikile mwenyewe.