Reli ya Tembo na Sheria Isiyojua Kuogelea

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa reli!

Reli ilikuwa ya Tembo. Treni yake ndefu, wallahi, kichwa kikiingia stesheni Ijumaa, mkia unaingia Jumatatu. Na Tembo si wa hapa, kwake ng'ambo ya mto.

Sasa Pimbi, kanyama kadogo kuliko ngumi yangu, alitaka kuoa. Wakwe wakasema: vikapu vitatu vya magimbi kabla mwezi haujaandama, la sivyo binti anapewa Nungunungu.

Pimbi akapakia kikapu cha kwanza. Chuku-chuku-chuku, puuu! Kikafika kitupu. Tembo kala, ati nauli. Akapakia cha pili. Chuku-chuku-chuku, puuu! Kitupu.

"Bwana mkubwa," akasema Pimbi, "sheria ya hapa, nauli ni gimbi moja tu."

Tembo akacheka mpaka mabati ya stesheni yakang'oka. "Mimi wa ng'ambo, na reli yangu ya ng'ambo. Hiyo sheria yenu ijifunze kuogelea kwanza!"

"Kwa hiyo haiigusi reli yako?"

"Haigusi hata msumari!"

"Sema tena, bwana, wenzangu wasikie."

"HAIGUSI!"

Pimbi huyoo, mbio hadi kwenye kichuguu. "Hodi, shangazi Mchwa!"

"Karibu, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Shangazi, mataruma yale, magogo yanayobeba reli, mbona hamyali?"

"Wee! Sheria ya hapa inakataza kula mali ya mtu."

"Reli ile sheria ya hapa haiigusi. Kasema mwenyewe."

"Kasema?" Shangazi akalamba midomo. "Watoto! Chakula!"

Wakatoka mchwa, jua likakosa pa kupita. Kwaru-kwaru-kwaru! Treni ikaja chuku-chuku, chuku... tii! Ikakaa chini kama kuku anayeatamia.

"Wezi!" Tembo akapiga kelele. "Sheria iko wapi?"

"Ipi, bwana?" akauliza Pimbi.

"Ya hapa!"

"Ile isiyojua kuogelea?"

Kwaru-kwaru-kwaru!

"Inanigusa! Inanigusa mpaka mkonga!"

"Shangazi, basi."

Mchwa wakaacha, wengine taruma bado li mdomoni. Tembo akalipa vile vikapu viwili alivyokula, akaongeza na kile cha tatu, akavibeba vyote kichwani hadi kwa wakwe, kwa miguu, maana treni ilikuwa bado inaatamia. Njiani akapewa nauli yake: gimbi moja. Pimbi akamwoa binti, Nungunungu akaoa kwingine mwaka uliofuata. Harusini kwa Pimbi nilikuwepo, nikala sahani kumi na saba.

Funzo ni hili, wanangu: mali ya mtu msile kamwe. Isipokuwa ni taruma, na wewe ni mchwa.

Ngano yangu imefika stesheni ya mwisho. Anayetaka iendelee, ashuke asukume!